Mama Vumbi na Ndevu za Fernand

Miaka thelathini na moja. Huo ndio muda ambao Irja Laukkanen amekaa nasi hapa kwenye kiwanda cha mawe, na Ijumaa hii, tarehe 15 Mei, anastaafu. Cheo chake kilichoandikwa mlangoni ni kirefu, kina afya ndani yake, kina usafi, kina hata mahali pa kazi. Sisi tunamwita Mama Vumbi, na anaitika.

Tunakata mawe ya makaburi na ya meza za jikoni. Jiwe likikatwa linatoa vumbi laini sana, lile baya kabisa hata hulioni, na likishaingia kwenye mapafu halitoki. Kazi ya Irja ilikuwa kulipima, kulipunguza na kutusumbua.

Wanasema alianza kwa kudanganywa. Mwaka wake wa kwanza aliwapa watu vile vipampu vidogo vya kuning'iniza kifuani, vinavyovuta hewa ile ile unayovuta wewe, ili ajue kila mtu anakula vumbi kiasi gani. Wazee wa wakati huo wakaona hicho ni kipelelezi cha meneja, kinasema nani mvivu. Wakavitundika kantini siku nzima, wakaja kuvichukua saa ya kutoka. Majibu yakarudi safi ajabu. Irja akanusa mkanda wa kipampu kimoja, unanuka vitunguu vya kukaanga. Hakugombana na mtu. Kesho yake akavaa kipampu mwenyewe, akavuta kiti, akakaa kando ya msumeno tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, akipiga soga. Mchezo wa kantini ukaishia hapo.

Maji yanayomwagika kwenye kila msumeno leo ni kazi yake. Wakati wa baridi mipira ya maji ilikuwa inaganda na watu wanakata jiwe kavu, wakiiita shida ya siku mbili tatu, mpaka alipompeleka meneja kusimama pale saa nzima. Meneja alirudi ofisini mweupe hadi kope. Mipira ya kupashwa moto ilifika wiki ile ile. Na wale waliokuwa wanajipuliza nguo kwa hewa ya kompresa ili wasiende nyumbani na vumbi, aliwaonyesha kwa taa kali kwamba wanalirudisha lote puani. Siku hizi tuna mashine ya kulifyonza.

Lakini habari ambayo kila mtu hapa anaijua ni ya ndevu.

Katika mji huu, Mbweha, timu yetu ya hoki, wakiingia mtoano, mwanamume hanyoi hadi watolewe au wachukue kombe. Hiyo haijadiliwi. Sasa barakoa tunazovaa kuzuia vumbi hazikai sawasawa juu ya ndevu, vumbi linapita pembeni. Miaka mitano iliyopita Mbweha walifika mbali, na kiwanda kizima kilikuwa na manyoya kama kondoo. Wa kwanza kwa ndevu alikuwa Fernand Quesnel, mkataji wetu mkubwa, na yeye ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote. Picha yake ya kifua mwaka ule ilionyesha madoa. Daktari alimwambia anaweza kuendelea na kazi, ila asile vumbi tena. Yeye mwenyewe alitusimulia, anacheka.

Irja akaleta kipimo chake. Unavaa barakoa, unafunikwa kichwa kwa mfuko, anapuliza dawa chungu ndani yake. Ukisikia uchungu, barakoa inavuja. Fernand aliapa hasikii kitu. Tulikuwa tumesimama pale, tukamwona macho yanamtoka machozi na mdomo umejikunja kama amelamba betri, na bado anaapa.

"Irja, niache," akasema alipofunuliwa. "Nikinyoa leo kesho tunafungwa, na mji mzima unanijia na mawe."

"Mawe tunayo hapa hapa, mzee," Irja akamjibu polepole. "Mimi sitaki wakuchongee moja."

Irja akatoa kalamu ya wino mfukoni, akamvisha barakoa tena, akachora mstari usoni kuizunguka. Akasema nywele za katikati, zisizofikiwa na ukingo wa barakoa, zibaki, zikiwa fupi, hizo ni za Mbweha. Za pale ukingo unapogusa ngozi, hadi kwenye mstari na nje yake, hizo ni za Irja, zinyolewe. Fernand akaupapasa ule mstari kwa kidole. Halafu akaomba wembe. Kufikia mchana kiwanda kizima kilikuwa na videvu vya mbuzi, na Irja alirudia kipimo kwa kila mmoja, hadi meneja.

Mbweha walifungwa. Kwenye maduka watu walimnunia Irja mwezi mzima, na muuza donati alikuwa anampa zile za jana. Alizitafuna zote.

Tangu hapo Fernand amepigwa picha kila mwaka. Madoa ni yale yale, hayajaongezeka hata moja.

Mwaka huu Mbweha wako fainali, wanacheza Jumamosi. Juzi Irja alifanya kipimo chake cha mwisho kabla hajakabidhi ofisi, na akaingia mtu ambaye Irja hakumtambua, mashavu mekundu, kidevu kitupu kama yai. Alikuwa Fernand. Akavaa barakoa, akafunikwa, dawa ikapulizwa mara nyingi kuliko kawaida, na uso wake haukujikunja hata kidogo. Irja akamuuliza, na fainali je?

"Wakifungwa wamefungwa," Fernand akasema. "Mimi bado napumua."

Irja aligeuka kuhangaika na chupa zake, akachelewa kidogo kugeuka tena.

Asante, Mama Vumbi, kwa kutusumbua. Kalale mpaka saa unayotaka, kaote moto wa sauna yako pale ziwani, na hewa ya huko uivute bila kuipima. Sisi huku tumebaki na wembe.