Siku Kijiwe Kilipojaribu Kunyamaza

Ukifika Kakuma, penye kambi ya wakimbizi huku Turkana, na unataka kujua dunia inakwendaje, usiende ofisini. Njoo kwetu, pale barabara ya Kalobeyei inapoanza, kwenye kiti kirefu cha lori tulichokiweka juu ya mawe chini ya mti wa mathenge. Hapo Kullow anauza kahawa ya tangawizi tangu alasiri mpaka makaa yamwishie. Hapo yupo Opondo, fundi wa pampu za visima, ambaye tunamwita Injinia, na sauti yake haizimiki hata kwa spana. Yupo Erupe, mtoto wa hapahapa, dereva wa bodaboda anayesomea ukatekista, kwa hiyo tunamwita Baba Mtakatifu. Mimi wananiita Sekretari kwa kuwa nakumbuka nani alisema nini. Kwa kelele hatuna mpinzani kutoka hapa hadi Lokiriama, na wala sisemi hivyo kwa aibu.

Siku hiyo Erupe alikuja uso umemshuka. Hata kahawa hakuagiza.

Injinia: Baba Mtakatifu, ejok? Pikipiki imekufa?

Erupe: Ejok. Pikipiki iko sawa. Ni Jumapili ndiyo itaniua.

Kullow: Jumapili imekukosea nini?

Erupe: Padre anataka niongoze watu kwa kutafakari. Nusu saa nzima, kimya. Hakuna nyimbo, hakuna ngoma. Kila mtu akae tu, atambue Mungu yuko na yeye hapo alipo, hata kwa hii maisha ya kila siku. Nikishindwa, kanisa yetu inaletewa mwalimu kutoka Lodwar.

Hapo kijiwe kikaamka. Ungedhani tumetukaniwa mama zetu.

Injinia: Lodwar? Tuletewe katekista kwa lori kama sukuma wiki? Kakuma hii, bana?

Mimi: Lodwar wana sanamu kubwa ya Yesu juu ya kilima, na bado wanapita hapo chini wakiangalia simu.

Erupe: Lakini mimi sijawahi nyamaza nusu saa. Hata nikilala naongea, mke wangu anasema.

Injinia: Sikiza. Maji iko chini ya miguu yetu saa hii, tukipiga domo. Mungu naye yuko hivyo. Ni kelele ndiyo inaziba bomba. Ndiyo maana akitaka kuongea na mtu, anamleta jangwani. Nairobi angeegesha wapi?

Kullow: Hapo umesema.

Injinia: Musa aliitwa akichunga mifugo, kichaka kikawaka moto na hakikuungua. Unajua ilikuwa kichaka gani? Mathenge!

Kullow: Wewe, mathenge ililetwa juzi na watu ya miradi.

Injinia: Basi walileta mbegu kutoka kwa kile kichaka! Kwani mathenge umewahi kuichoma ikaisha?

Hakuna aliyeweza kupinga, maana mathenge kweli haiishi. Nikaona nami niongeze la kwangu.

Mimi: Tena Musa alipita hapa. Nionyeshe jangwa lingine lenye mbuzi wengi hivi.

Kullow: Nabii Musa alichunga kondoo.

Mimi: Mbuzi walikuwa nyuma. Mwandishi hakuwaona kwa vumbi.

Kullow akagonga kikombe kwa kijiko.

Kullow: Sasa nyinyi mnapigia kimya kelele tangu alasiri! Mimi ni Mwislamu, lakini hii yenu ni maajabu. Nyamazeni basi, tuone. Naweka birika. Mpaka ichemke, hakuna mtu kufungua mdomo. Kama nyinyi mtaweza, hao watu wa kanisa ni nani wasiweze?

Erupe: Padre alisema uchague kitu moja mbele yako, ushukuru, halafu ukae nayo.

Tukanyamaza. Mimi nilichagua kikombe changu. Injinia alichagua birika, na moshi ukamwingia machoni. Mwanzoni nilitaka kucheka, kisha nikaanza kusikia kengele za mbuzi, na mashine ya kusaga kwa mbali, na pumzi ya Erupe iliyokuwa ikihangaika mpaka ikatulia. Nilijisikia vizuri. Nikaanza hata kujivunia jinsi nilivyonyamaza.

Tulisahau jambo moja tu. Hapa kwetu watu wakikaa pamoja bila kusema, kuna msiba, na mtu haupiti msiba hivihivi.

Mzee Lokol ndiye aliyetangulia, kigoda chake mkononi. Alitushika mkono mmoja mmoja. "Poleni," akasema. Hatukujibu, kwa kuwa tulikula kiapo cha birika. Akaona machozi ya Injinia, akatikisa kichwa, akaweka kigoda, akakaa. Akaja Gatjang, yule Mnuer mrefu wa gereji, akavua kofia. Namuria alifunga duka lake akaja na sukari na majani ya chai, nyuma yake wanawake na mtungi wa maji. Madereva wa boda wakazima injini. Nilimtazama Erupe, naye akanitazama. Tungewaambiaje watu walioacha kazi zao kwamba tulikuwa tunafanya mazoezi? Birika ikachemka. Kullow akaiondoa kwenye makaa polepole, naye akainamisha kichwa.

Ndipo akatokea Liliane. Ni Mkongo, hutuuzia mandazi kila siku, lakini kwa siku kadhaa hatukuwa tumemwona. Tulidhani amehamia Kalobeyei. Hakubeba beseni. Alisimama barabarani akatutazama, Waturkana, Mjaluo, Msomali, Mnuer, wote vichwa chini. Kisha akajifunika kitenge, akaketi mavumbini, akalia kwa sauti. Wanawake wakamshika.

Liliane: Aksanti. Aksanti sana. Mama yangu alikufaka kule Uvira. Walinipigia simu. Hapa sina ndugu, nikajifungia ndani, nikasema, nitalia na nani? Leo natoka tu, nawakuta mmekaa kwa kilio cha mama yangu.

Injinia alitazama miguu yake. Liliane akafuta uso, akamgeukia Erupe, maana ndiye mtu wa kanisa kati yetu.

Liliane: Katekista, sikuambia mtu. Hata jirani. Nani aliwaambia?

Erupe akashuka kwenye kiti, akaketi mavumbini karibu naye. Kullow akamimina kahawa ya kwanza, akampa kwa mikono miwili.

Kullow: Pole, mama. Marehemu aliitwa nani?

Liliane: Faida.

Mzee Lokol akainuka, akalitaja jina hilo mbele ya Akuj, Mungu wa Waturkana, kwa namna ya wazee, neno kwa neno, nasi tukaitikia wote, hata wasiojua Kiturkana. Tuliitikia mpaka ng'ambo ya barabara wakatoka nje. Nimejigamba mengi kuhusu kijiwe hiki, na mengine niliyatunga, lakini siku hiyo kifua kilinijaa kwa haki.

Watu walipoanza kuwasha moto wa chai, Injinia alimsogelea Erupe.

Injinia: Na Jumapili?

Erupe: Nitaongoza.

Injinia: Utawaambia nini?

Erupe: Nitawauliza hiyo swali ya Liliane: nani aliwaambia? Halafu nitanyamaza.

Lodwar wabaki na mwalimu wao.