Hodi Iliyozimwa Kwenye Seva ya Tatu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa magari ya wagonjwa, sisi mafundi, walinzi na wafagiaji wa chumba cha seva tunakukaribisha. Nasoma mimi mfagiaji, niliyeishia darasa la nne, kwa kuwa wenzangu wanaogopa kibarua kuota nyasi. Mimi nimebakiwa na nini cha kuota?

TULIKOTOKA
Tulikuwa na seva moja, kompyuta ya kupokea maombi ya magari, watu wakizidi inalemewa. Mkaongeza zikawa nne, zote nyuma ya anwani moja. Mwananchi akiomba gari kwa simu, mlangoni yupo mgawaji, tunamwita Bawabu: wewe nenda ya kwanza, wewe ya pili, hadi ya nne, kisha anaanza upya.

TUNAYOJIVUNIA
Bawabu alikuwa akipiga hodi kila seva: u mzima? Isiyojibu haipelekewi mtu, na king'ora kinalia.

YANAYOTUTISHA
Seva ya tatu ikaanza kusinzia. King'ora kikalia kutwa. Bosi wetu akatoka: "Nyie, zimeni hilo likelele, nina wageni!"

Fundi akamwambia, "Bosi, vimefungwa pamoja. Tukikizima, na hodi inazimika."

"Zima! Hodi hodi za nini, kwani mnakwenda kuposa?"

Tukacheka, tukazima. Hata mimi nilicheka.

Siku ya pili, asubuhi, seva ya tatu ikafa. Bawabu hakujua, katika kila wanne, mmoja akampeleka kwa maiti. Mke wangu alibanwa kifua. Binti yetu akaomba gari, kiduara kwenye simu kikazunguka tu. Akajaribu tena na tena, lakini Bawabu humkumbuka mtu, humrudisha kulekule alikompeleka kwanza. Mimi nilikuwa nafagia mbele ya seva hiyohiyo. Taa yake ya umeme ilikuwa ya kijani. Gari halikuja, mke wangu tukamzika.

Mafundi waliiwasha upya. Hodi haijarudi. Bosi anasema mpaka wewe uagize. Barua zetu tatu ziko kwako. Sasa inasinzia tena, na binti yangu atajifungua mwezi huu.

OMBI
Ni moja: hodi irudi kabla hujanyanyuka kwenye hicho kiti. Fundi amesimama pale, kidole ki juu ya kitufe. Tamka tu.

Mungu akupe afya, Mheshimiwa, na siku ukibanwa wewe, akuepushe na seva ya tatu.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Chumba cha Seva.