Geti Litazame Mlango Wake

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe mkubwa wangu kaa hapo ukingoni mwa kitanda nikuone uso, na wewe dada yake acha kunishika mkono kwa kuhesabu mapigo. Hospitalini umekuwa muuguzi wa watu wote, leo kuwa binti yangu tu. Kitinda mimba, rudishia mlango. Nina maneno, na mtu mwenye maneno kifuani hafi vizuri. Nikikohoa ngojeni, nikinyamaza ngojeni pia, sijaisha.

Mnajua nyumba hii imejengwa na sufuria. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa seremala ambaye mkono wake haukujua kukosea, na ile kaunta ya mgahawani aliichonga mwenyewe, akaipiga randa mpaka ukipitisha kiganja unadhani umegusa shavu la mtoto. Aliichonga kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kuomba leseni ya vileo. Mafundi wa gereji walikula kwangu mchana, lakini jioni walisema, "Mama, mkono wako mtamu, ila saa hizi mtu anataka na cha baridi cha kushushia," wakaenda kukitafuta mbali, nami nikaona kwamba mteja akiifuata chupa huondoka na sahani pia.

Mwenyekiti wa kamati ya leseni siku zile alikuwa huyu mnayemwita Mzee Muhuri. Ninyi mmemkuta na jina lake. Sisi tulikuwepo likizaliwa, maana hakuna karatasi iliyopita halmashauri bila mkono wake kuwa juu yake. Alikuwa diwani, na kabla ya udiwani alikuwa rafiki wa baba yenu, ndiye aliyemsimamia siku ya harusi yetu. Aliniita shemeji. Alikula kwangu, akajifuta mdomo, akasema, "Shemeji, hapa pakipata leseni mtaa mzima utahamia kwako." Nilidhani ananisifu, kumbe anapima kina cha maji kabla ya kuoga.

Tukaomba. Kamati ikasema hatuna choo cha wanawake. Tukajenga choo, baba yenu akauza randa yake nzuri kuliko zote ili mlango wake uwe wa mbao na si wa bati. Tukaomba tena. Kamati ikasema tangazo la maombi halikubandikwa mahali pa kuonekana, nalo lilikuwa mlangoni, mlango ule ule ambao Muhuri aliusukuma kila mchana akiingia kula. Tukalibandika upya, tukaomba tena. Ndipo tukaambiwa sheria hairuhusu kileo kuuzwa jirani na shule ya watoto wadogo. Baba yenu akasimama kwenye kikao, kofia mkononi, akauliza, "Bwana mwenyekiti, shule gani?" Muhuri hakumtazama hata usoni. Akasema, "Maombi hayakukubaliwa. Tuendelee na yanayofuata."

Shule gani? Tuliporudi nyumbani tukaiona. Ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba yake mwenyewe ya kupangisha, walikuwa wamepaka ukuta rangi ya njano, wakaning'iniza bembea, wakakusanya watoto wa wapangaji wakae kwenye mkeka waimbe herufi. Mkeka ule haukuzeeka. Bembea iliteremshwa, mkeka ukakunjwa, na kwenye chumba kile kile yakaingizwa makreti ya bia. Leseni ilitoka kwa jina la kaka wa mkewe, na kamati ile ile ikaipitisha bila kuuliza choo wala tangazo. Hivyo ndivyo baa iliyo mbele yetu ilivyozaliwa, wanangu. Mlikua mkilala na muziki wake mkidhani ni jambo la kawaida kama mvua.

Sasa sikilizeni linaloniuma, maana leseni pekee isingenifikisha hapa. Baba yenu alivuka barabara. Mara ya kwanza alivuka kwenda kugombana, akarudi akinuka pombe, akasema wameyamaliza kiume. Akavuka tena. Yeye aliyeichonga kaunta yangu akawa anaegemea kaunta ya mwenzake, mikono ikaanza kutetemeka, na seremala anayetetemeka mkono ni kama mwimbaji aliyekatwa ulimi. Nikavuka mimi. Nikamkuta Muhuri ameketi penye feni, nikamwambia, "Shemeji, nakuomba, usimuuzie tena." Akacheka kwa upole, ule upole wa mtu aliyeshiba. "Shemeji, mtu mzima hakatazwi. Na hii ni biashara yenye leseni."

Biashara yenye leseni. Nimelala na maneno hayo kuliko nilivyolala na mume. Tulipomzika baba yenu, ini limemwisha, ngozi imekuwa njano kama ule ukuta, nani alishika kipaza sauti? Muhuri. Alilia mbele za watu akamwita ndugu yake. Watu wakasema, jamani, diwani ana moyo. Nami nilikaa kwenye mkeka wa wafiwa nikamtazama kinywa, nikaapa kimyakimya kwamba mwosha huoshwa, na maji nitayateka mwenyewe.

Najua unachotaka kusema, mwanangu muuguzi. Uliwahi kuniambia jikoni, "Lakini mama, na wewe ulitaka kuuza pombe ile ile." Ndiyo, nilitaka, na sikatai. Ila kwangu mtu angekunywa akiwa ameketi mbele ya sahani, na mume wangu ningemtazama machoni nikamwambia imetosha, nikafunga. Muhuri hakuwahi kumwambia mtu imetosha. Nipe maji. Kidogo tu.

Kile kiwanja kilicho ubavuni mwa baa yake, mlishangaa nilivyokinunua kisha nikakiacha kiote magugu. Mlinicheka, na majirani walinicheka. Muhuri alikuwa anakitamani kwa maegesho ya magari ya walevi wake, lakini mjane aliyekimiliki alikuwa amenyimwa kibali cha kujenga na mkono ule ule, kwa hiyo nilipobisha hodi kwake hatukuzungumza sana. Nikakilipia, nikanyamaza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Muhuri akaja na ahadi, akaja na vitisho, akatuma na mchungaji, nami nikamjibu kila mara, "Bado nafikiria, shemeji."

Mpaka alipokuja yule mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuwa akifundisha watoto wadogo barazani kwake na mwenye nyumba akawafukuza kwa sababu ya kelele zao. Alikuwa anaulizia chumba cha kukodi. Nikamwambia, "Mwalimu, chumba cha nini? Nina kiwanja. Kichukue, madarasa tutajenga pamoja. Sharti langu ni moja tu, geti litazame mlango wake." Akauliza, "Mlango wa nani?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Mama, mimi nataka shule tu, sitaki ugomvi." Nikamwambia, "Nami nakupa shule. Shule ya kweli, yenye watoto wa kweli. Nia yangu niachie mwenyewe."

Shule ikajengwa, ikasajiliwa, mkaiona. Mlisema mama amekuwa mtu wa sadaka uzeeni. Hata padri alinisifu kanisani, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, Mungu anisamehe, nilikuwa nazuia kicheko.

Kikao cha mwezi uliopita mlinikataza kwenda kwa sababu ya kifua changu. Nilikwenda. Mwalimu alinishika mkono huu, bwana afya wa halmashauri akanishika ule, wakanipandisha ngazi za halmashauri, nikaketi mstari wa mbele na shuka langu begani. Mwenyekiti wa sasa ni binti mdogo, hana urafiki na mtu, anasoma sheria kama anayesoma dozi ya dawa. Akafika kwenye leseni ya Muhuri, ambayo siku hizi iko kwa jina lake mwenyewe, akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Nikainua mkono. Ukumbi ukageuka. Nikasema, "Shule ya watoto wadogo, mheshimiwa. Geti lake linatazama mlango wa baa. Mtume watu wakapime." Muhuri akasimama na fimbo yake, akasema baa yake ilikuwepo kabla ya shule, kila mtu ni shahidi. Yule binti akamjibu, "Sheria inaangalia siku ya kuomba upya, mzee, na leo ndiyo umeomba upya. Wewe ulikuwa kwenye kiti hiki, unaijua kuliko mimi." Bwana afya akasema wameshapima, kutoka geti mpaka mlango, umbali hautoshi. Basi. Maombi hayakukubaliwa, wakaendelea na yanayofuata. Nilirudi nyumbani nikala, pamoja na ugonjwa wangu, nikamaliza sahani.

Juzi alikuja. Mlikuwa kazini. Aliketi hapo ulipokaa, mkubwa wangu, mfuko wa machungwa magotini, amezeeka, shati limemzidi mwili. Akasema, "Shemeji, sote tunaondoka. Tuyamalize. Iambie ile shule igeuze geti upande wa pili, ni hilo tu." Nikatafuta huruma moyoni mwangu, nawaapia niliitafuta, kama mtu anavyotafuta funguo kwenye mkoba wa zamani. Sikuikuta. Nikamwambia, "Mtu mzima hakatazwi, shemeji. Na ile ni shule yenye usajili." Akalia. Sikumpa kitambaa. Machungwa nimewapa wapangaji wetu wa uani.

Sasa wewe, mkubwa wangu. Usiinamishe kichwa. Najua umekaa naye. Najua amekwambia mama yako akifumba macho mbadilishane, yeye akupe nyumba yake ya kule juu, wewe umpe kiwanja. Sikulaumu kwa kutamani nyumba nzuri, una watoto. Nakulaumu kwa kuketi chini ya feni ile ile. Basi sikia: kiwanja si chako wala si cha wenzako, nimeshakikabidhi kwa shule mbele ya wakili, mwalimu ameweka sahihi, hakuna anayeweza kukigusa. Lakini funguo za geti nimeziacha kwako. Wewe ndiye utakayelifungua kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, ukiwa umeupa mgongo mlango wa aliyemmaliza baba yako. Usipoweza, mpe dada yako hizo funguo sasa hivi, mbele yangu... Haya. Umezishika. Zishike vizuri.

Mgahawa ni wa binti yangu, na kaunta isitoke humo, atakayeiuza simjui. Nyumba hii kaeni wote mpaka kitinda mimba aoe, kisha mgawane bila kuita mtu wa nje. Leseni ya vileo msiombe. Sitaki. Na mjukuu wa Muhuri akiletwa pale shuleni, mpokeeni, mumketishe na wenzake, asije akasikia neno kuhusu babu yake kinywani mwa mtu wa nyumba hii. Mtoto hana deni langu.

Siku ya mazishi yangu atakuja. Mpeni kiti cha mbele, mpeni maji. Akiomba kusema, mwenye kuongoza shughuli asimame na amwambie kwa adabu kwamba maombi hayakukubaliwa. Msimpe sababu.

Sogeeni... zaidi. Mikono yenu. Wa nani huu, wa kitinda mimba? Una baridi wewe, au ni mimi. Mungu awape riziki isiyopitia mlangoni mwa mtu. Mpendane. Mkikosana, mkosane humu ndani. Usilie, binti yangu, wewe umeona wengi... wakienda... Kuna jambo moja. Mkiniombea, ombeni nisamehewe yote niliyowakosea watu, ni mengi. Ila hili la Muhuri... hili msiliombee. Niachieni. Nitamweleza Mungu... mwenyewe.