Kumbe Ilikuwa Chokaa

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana, ambaye leo amenisimamisha. Jumapili tatu nimemwambia mchungaji kwamba nina ushuhuda, na Jumapili zote tatu wimbo ulipoisha nilibaki nimekaa. Leo sikai mpaka nimalize.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Elia, ninayetengeneza sanamu ndogo za udongo pale karibu na stendi ya Misigiri. Naomba niwaeleze taratibu tangu mwanzo, maana nikiruka kipande hamtaelewa Mungu amenitoa wapi.

Kabla ya kazi hii nilikuwa nauza vitunguu kwa abiria. Nilikaa baraza moja na mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu, anaitwa Zaituni. Yeye ni Mwislamu, mimi ni wa hapa kanisani, na hilo halikuwahi kututenganisha. Mwezi wa Ramadhani nilimlindia vyungu akienda kuswali, na mimi nikienda kwaya alinilindia vitunguu. Vyungu havikuwa vinatoka sana, kila mtu siku hizi anataka sufuria. Siku moja hakukuwa na basi, nikachukua donge la udongo wake nikafinyanga mzee amebeba tenga la kuku kichwani. Utotoni nilipochunga mbuzi nilikuwa nafinyanga ng'ombe, kwa hiyo vidole vilikumbuka.

Zaituni akamtazama yule mzee, akacheka. "Huyu si mjomba wako wa mnadani? Hata hilo tumbo ni lake."

Akamchoma pamoja na vyungu vyake. Mwalimu mmoja akashuka kwenye basi, akamnunua, akauliza, "Yuko mwenzake?" Hilo swali, ndugu zangu, ndilo lililoanzisha kampuni. Mtu akiwa na mmoja anataka wa pili, akiwa na sita anamtafuta wa saba hata kwa kupiga simu. Tukaanza kutengeneza watu wa mnadani mmoja mmoja: mama wa vitunguu, fundi cherehani, mkamua alizeti, dalali wa ng'ombe na fimbo yake. Kila mmoja tulimwandika namba chini ya miguu. Tukishatengeneza hamsini wa aina moja, hatumrudii tena. Kwa hiyo wanaokusanya wanajua kwamba wakichelewa wamemkosa. Tukasajili kampuni, tukaajiri kina mama wanne. Baadhi yenu mliniuliza kama sanamu hizi haziko kinyume na amri ya Mungu, nami nikawauliza ni nani atamsujudia muuza kuku. Mlicheka, yakaisha.

Sasa nije kwenye shida.

Tulipata oda kubwa kutoka duka moja la Singida mjini, watu wote wa mnadani, seti nzima nzima. Mpaka hapo Zaituni ndiye aliyekuwa akichagua udongo. Alikuwa na desturi ya wafinyanzi wa huku: kabla ya kuchimba, anachukua kipande, anakitia mdomoni, anakitafuna polepole, halafu anatema. Akisema hapana, tunasogea hatua kumi na kujaribu tena. Mara nyingine tulizunguka mpaka jua likawa la utosini.

Mimi nilianza kuona aibu. Mgeni mmoja alikuja kututembelea akamkuta anatema udongo, akakunja uso. Nikasema moyoni, sisi ni kampuni sasa, hatuwezi kutafuna udongo kama zamani. Nikanunua chekeche. Nikawaambia kina mama wachimbe pale karibu na lambo la kunyweshea ng'ombe, tusipoteze muda kwenda mbali, halafu wachekeche. Zaituni aliniambia, "Mama Elia, pale sijapaonja." Nikamjibu, "Dada, hatupiki, tunafinyanga." Kina mama wakacheka. Yeye hakucheka.

Tukachoma, zikatoka nzuri, nyekundu, zinalia kama kengele ukizigonga kwa ukucha. Tukazipeleka mjini. Wiki mbili baadaye mwenye duka akanipigia. "Mama, dalali wako ameanguka kidevu." Nikadhani ameangushwa. Akasema hakuna aliyemgusa, amekuta kidevu pembeni yake asubuhi. Kesho yake mama wa vitunguu akatoka shavu. Baada ya siku chache nusu ya seti zilikuwa na mashimo usoni, kama watu waliougua ndui.

Mnajua mawazo ya kwetu yanavyokwenda. Kitu kikivunjika mikononi mwa mtu, tunasema bahati mbaya. Kikivunjika chenyewe, tena usoni, tunauliza ni nani. Mimi nikauliza ni nani, na nikajijibu haraka: ni yule niliyemchekea. Nikamwambia Zaituni mbele ya wafanyakazi, "Ulichokifunga ukifungue." Akanawa mikono, akachukua khanga yake, akaondoka.

Halafu nikaja hapa. Mnakumbuka. Nilisimama hapa hapa nikaomba mniombee dhidi ya mtu wa karibu anayepiga vita kazi yangu. Sikutaja jina. Lakini Misigiri si kubwa, na kila mmoja wenu alijua nina mtu mmoja tu wa karibu. Mliniombea kwa nguvu, na ninawashukuru, kwa sababu mlimwamini aliyewaomba. Ila tangu siku hiyo watu waliacha kununua chungu cha Zaituni. Walioazima vyombo vyake kwa ajili ya shughuli wakavirudisha bila hata kukaa. Salamu ikawa ya mbali.

Mimi nikaendelea kufinyanga. Nilikuwa nimeomba aondoke, na ameondoka. Lakini sanamu ziliendelea kupasuka.

Hapo ndipo Mungu aliponishika, ndugu zangu. Sikusikia sauti wala sikuona ndoto. Nilikuwa nimepiga magoti, nimetaja adui kama kawaida, na swali likaja kichwani likagoma kutoka: huyo mtu umemuuliza? Nimeomba miezi mitatu juu ya mtu ambaye sikuwahi kumuuliza chochote. Nilinyanyuka, nikamfunga dalali aliyevunjika kwenye kitambaa, nikaenda kwake.

Nikapiga hodi. Zaituni akatoka, akanitazama mikono. "Umekuja kunipekua?"

"Nimekuja kukuuliza," nikasema. "Kwa nini zinapasuka?"

Akamchukua dalali, akamgeuza, akachungulia shimo la kidevu. Ndani kulikuwa na punje nyeupe, ndogo kama mbegu ya mchicha. Akaigusa kwa kidole, ikawa unga.

"Udongo huu mlichimba lambo?"

"Ndiyo."

"Nani aliutafuna?"

"Hakuna. Tuliuchekecha."

"Chekeche halina meno, Mama Elia."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa na vijiwe vyeupe kutoka kule lambo, maana alipoona mabaya yanamjia alikwenda mwenyewe kutazama. Akaviweka kwenye moto wa kinyesi cha ng'ombe na magunzi, tukachochea mpaka vikaiva. Vilipopoa akakidondoshea kimoja matone ya maji. Kikafuka mvuke, kikavimba, kikapasuka chenyewe mbele ya macho yangu.

Nawaeleza ili na nyinyi muelewe. Ilikuwa chokaa. Punje zake ni ndogo, zinapita kwenye chekeche. Sanamu ikichomwa, chokaa nayo inaungua, ikakaa ndani kimya. Halafu siku baada ya siku inanyonya unyevu wa hewa, inavimba, inasukuma udongo mpaka unabanduka. Kwenye meno punje hiyo inajulikana mara moja. Yale aliyokuwa akitema, niliyoyaonea aibu, ndiyo yaliyokuwa yakilinda kazi yetu miaka yote.

Nilipiga magoti pale kwenye majivu nikamwomba msamaha. Akaninyanyua. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini hukunisema mbele yangu tu. Ulinisema kwenye mabenchi yenu, na kule mimi siingii. Utalitoa wewe jina langu ulikoliweka."

Nikamwomba arudi kazini. Akasema, "Lianze kurudi jina."

Ndugu zangu, nimekuja kulirudisha. Zaituni hakunifanyia neno lolote baya. Hakufunga kitu, hakuroga mtu. Aliniambia ukweli nikamcheka, na nilipoharibikiwa kwa ukaidi wangu nikatumia maombi yenu kumpiga. Nawaomba na nyinyi mnisamehe.

Namshukuru Mungu amenifungua. Aliyekuwa amefungwa ni mimi, si kazi yangu. Nilikuwa naamka kila siku nimebeba adui ambaye hayupo, na leo ninalala vizuri. Kazi itasimama tena, sina wasiwasi. Udongo mwema bado upo, na anayeujua yupo.

Na kama na wewe kuna mtu unayemwombea vibaya, nakusihi mwamini Mungu kiasi cha kwenda kumuuliza. Yule anayesikia maombi yako anasikia na ya kwake. Usiogope jibu. Mimi nililiogopa miezi mitatu, na lilikuwa punje ya chokaa.

Ibada ikiisha naenda kwa Zaituni kumwambia kwamba nimesema. Nina hakika atanipokea, lakini sitaki aniamini mimi peke yangu. Kuna kati yenu waliorudisha vyombo vyake bila kukaa. Twendeni wote. Leo tukikaribishwa, tukae.