Kazi Mbili Zilizoanzia Mwisho

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali, mgongo wake ukiwa ukuta wa duka la Fundi cherehani, pale njia mbili zinapokutana. Ukikaa upande wa kushoto unaliona bucha la Dokta, ambaye hakutibu mtu maishani mwake ila huvaa koti jeupe kuanzia asubuhi hadi jioni. Ukikaa kulia unapigwa na moshi wa jiko la Mama Birika, muuza kahawa, ambaye hamimini kikombe kabla hajamaliza kusema lake. Katikati hukaa Refa. Alistaafu zamani kuchezesha mpira, lakini filimbi bado inaning'inia shingoni, na ubishi ukizidi huipuliza. Jioni hiyo Refa alikuwa katikati ya hadithi Fundi alipotoka dukani, akajibwaga kwenye benchi na kuishika simu yake kama mtu aliyeshika panya mfu.

— Vipi, bwana? — Refa akamuuliza. — Leo si siku ya majibu?

— Yametoka.

— Eeh, tupe raha!

— Nimepata sifuri.

Mama Birika akaliweka birika chini. Hilo halikuwa jambo dogo, maana chuo cha Fundi kilikuwa chuo cha kijiwe kizima. Fundi alikuwa na akili tangu shule, lakini mwaka aliotakiwa kuendelea na masomo ndio mwaka aliofiwa na baba yake, naye akarithi cherehani pamoja na wadogo wa kulea. Chuo akakiweka kando, miaka ikaenda zake. Mwaka huu binti yake wa kwanza alipopata nafasi chuo kikuu kusomea kompyuta, alirudi nyumbani akamwambia, "Baba, kozi hii ina kundi la jioni la watu wazima. Nimeshakuulizia." Basi binti akawa anaingia asubuhi, baba anaingia jioni. Mhadhiri mmoja, kazi zilezile. Mteja akija na kukuta duka limefungwa, Refa alikuwa anamjibu, "Fundi yuko chuoni," kwa sauti ya kutangaza kwamba Fundi yuko mwezini.

— Sifuri kwa lipi? — Dokta akasogea. — Ulichelewa kuipeleka?

— Niliipeleka mapema. Mhadhiri anasema kazi yangu imefanana kupita kiasi na ya mwanafunzi wa kundi la asubuhi. Sifuri kwetu wote wawili, na kesho niende ofisini kwake.

— Mwanafunzi gani huyo?

Fundi akaangalia barabara.

— Binti yangu.

Refa akakohoa, akajiweka sawa.

— Tulia. Kila mchezo una sheria. Hebu tuambie za huko zikoje, neno kwa neno.

Fundi alikuwa amezishika kichwani. Tangu wiki ya kwanza alizibandika ukutani mbele ya cherehani, akawa anazisoma huku anakanyaga.

— Ukichelewesha kazi siku moja, unakatwa sehemu moja ya kumi ya alama. Siku inayofuata, nyingine. Siku ya nne haipokelewi.

— Haki kabisa, — Dokta akasema. — Hata mimi nyama ya siku ya nne siipokei.

— Darasani unakuja umeshasoma, huji kusomewa. Simu inazimwa.

— Endelea.

— Ukikwama, unaruhusiwa kujadiliana na wenzako, ila kuandika unaandika mwenyewe. Na kila aliyekusaidia unamtaja juu kabisa ya kazi yako.

— Hata kama amekusaidia kidogo? — Mama Birika akadaka.

— Hata kidogo.

— Basi mimi ulinitaja? Ulipokuwa unasinzia juu ya cherehani, nani alikuwa anakuletea kahawa?

— Na mimi, — Refa akasema. — Nilikupa ushauri.

— Ushauri gani?

— Nilikwambia ukaze.

— Jamani, mwacheni amalize, — Dokta akasema, ingawa na yeye alikuwa ameshafungua kinywa.

— Ukinakili kazi ya mwenzako, au mashine ikuandikie, sifuri. Aliyetoa na aliyechukua wote ni mamoja. Mkirudia, mnaondolewa kwenye kozi.

— Sasa swali la kiume, — Refa akainama, akashusha sauti. — Ulichungulia?

— Sikuchungulia! — Fundi akapandisha sauti mpaka mbwa wa bucha akainua kichwa. — Nyumbani tuna meza moja. Tangu tuanze nimetundika shuka katikati yake, yeye upande huu, mimi upande ule. Tukiwa tunakula, mtu akitaja tu neno kompyuta, mama yake anagonga sufuria kwa mwiko. Sijaona hata herufi moja ya yule mtoto!

Hakuna aliyemtilia shaka. Kitambaa chako kikibaki hata cha ukubwa wa kiganja, Fundi anakurudishia. Ikabaki kazi moja tu: kutafuta kazi hizo zilifananaje.

— Kamera, — Refa akasema. — Hizo batani za kompyuta zina kamera kwa chini. Wakubwa pale chuoni wanarudia tukio polepole, wanaona vidole. Vidole vyako na vya mtoto vinafanana, wakawapa kadi.

— Vidole wapi! Ni damu, — Dokta akasema. — Mimi nakata nyama kila siku, nakwambia damu inajua njia yake. Wewe ukiwaza, mtoto anawaza. Ile mashine imenusa damu moja, ikadhani mtu mmoja.

— Nyinyi hamjui kompyuta, — Mama Birika akawakatisha. — Zile mbili zinakaa nyumba moja, zimechomekwa kwenye waya mmoja. Nyie mkitoka, zinabaki zinasengenyana. Yako imeiambia ya mtoto, "Shoga, hebu sikia alichoandika mzee leo!" Ya mtoto ikashindwa kunyamaza.

Refa akacheka hadi akashika mbavu. Hata Fundi midomo ilitaka kufunguka, ila akaizuia.

— Nimeshaamua, — akasema. — Kesho nikifika kwa mhadhiri, namwambia nimenakili mimi. Yule mtoto hakujua. Wamfutie sifuri yake, mimi waniondoe.

Kicheko kikakatika. Refa akapuliza filimbi, mtu wa baiskeli akashtuka na kushuka.

— Unataka kujifunga mwenyewe? Mbele ya mashabiki wako?

— Utakiri kosa ambalo hukulifanya? — Mama Birika akauliza.

— Mimi nina cherehani. Nikitoka chuo, kesho asubuhi nakaa pale nashona kama kawaida. Yeye ndiyo kwanza anaanza. Akiandikwa mwizi wa kazi leo, nani atamwamini huko mbele?

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida. Wote walijua jinsi alivyokuwa anarudi kutoka darasa la jioni, mkoba begani, anatembea haraka kama kijana, anawaeleza mambo ambayo hawakuyaelewa nao wakaitikia vilevile kwa kuwa uso wake ulikuwa unawaka.

Ndipo binti akatokea, ametoka chuoni, viatu vimejaa vumbi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Kaa hapa.

— Sikai. Baba, nimetoka kwa mhadhiri.

Fundi akasimama.

— Umefuata nini? Mimi ndiye niliyeitwa kesho.

— Nimekwenda kugombana naye.

— Mungu wangu.

— Nimemwambia baba yangu haibi, na mimi siibi. Nimemweleza habari za shuka.

— Na mimi nilitaka kumwambia nimekunakili, — Fundi akasema taratibu. — Ili wewe upone.

Binti akamkodolea macho. Machozi yalikuja haraka, akayafuta kwa hasira.

— Baba! Mimi nimesimama pale namwapia mtu kwamba husemi uongo, na wewe umekaa hapa unautengeneza? Kesho ningeendelea na kozi hii peke yangu? Nani ningerudi naye kwenye ile meza?

Fundi akakosa pa kuweka mikono. Akamshika bega, akamwomba radhi, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mama Birika akajifanya anapuliza moto.

— Mhadhiri kasemaje? — Refa akauliza, maana hakuweza kuvumilia.

— Hakujibu kitu. Ile kazi ilikuwa ya kuandika programu inayopanga namba kutoka ndogo kwenda kubwa. Basi akachukua vitabu rafuni kwake, akavivuruga, akaniambia nivipange kwa urefu huku tunaongea. Nikapanga. Nilipomaliza akawa anacheka. Anasema darasa zima, asubuhi na jioni, programu zao zinaanza kupanga kutoka mwanzo wa orodha. Mbili tu zinaanzia mwisho, zinarudi nyuma. Yangu na ya baba. Na vitabu nimevipanga hivyohivyo, nikianzia mwisho wa rafu kule kulia.

— Damu! — Dokta akapiga paja.

— Akaniuliza nani kanifundisha kuanzia mwisho. Nikamwambia hakuna, mimi naona ndivyo watu wote wanavyopanga. Sifuri amezifuta zote mbili. Wewe pia kesho atakupa vitabu uvipange mbele yake, asikie unavyoeleza. Ila kanuni iko palepale. Kabla ya kipindi cha kesho kila mmoja aandike juu ya kazi yake njia hiyo ameipata kwa nani. Sasa nimeumiza kichwa njia nzima. Sijaipata kwa mtu.

Refa alipuliza filimbi mara tatu, watu wakatoka madukani kuangalia. Dokta akamkumbatia Fundi na koti lake la damu. Mama Birika akamimina vikombe vyote bila kusema neno, jambo ambalo halijapata kutokea.

Jua lilikuwa linashuka na duka halijafungwa. Binti, kwa mazoea, akaingia ndani kumsaidia baba yake. Kulikuwa na rundo la suruali za shule za kutundika kwenye bomba kwa saizi. Akazibeba kwenye mkono wa kushoto, akaenda hadi ncha ya kulia ya bomba, akatundika ya kwanza. Ya pili akailinganisha nayo, akaisukumia mahali pake. Akawa anarudi kushoto, moja baada ya nyingine.

— Fundi, — Mama Birika akaita kutoka mlangoni. — Wewe nguo unazitundikaje?

— Kama hivyo, — Fundi akasema.

— Wewe ni mashoto. Umeanzia kulia maisha yako yote, nguo umezibeba mkono wa kulia, wa kushoto uko huru kutundika. Huyu si mashoto. Mbona anajitesa?

Binti akasimama na suruali mkononi. Fundi akaangalia bomba, kisha mikono ya mwanawe. Alimkumbuka akiwa hajatimiza miaka mitano, amesimama juu ya kigoda, anataka naye atundike, na yeye akimwambia tu, "Tazama ninavyofanya." Hakumfundisha chochote siku ile. Alikuwa anamnyamazisha ili apate kumaliza kazi.

— Ulikuwa unasimama juu ya kigoda, unanitazama, — akasema.

— Kumbe ni wewe, — binti akasema. Akakaa juu ya meza ya kukatia, akatoa kalamu na daftari, akacheka huku bado pua imejaa. — Haya basi. Kanuni inasema nimtaje kila aliyenisaidia, na alinisaidia nini, hata kidogo.

Akainua kalamu, akamtazama baba yake, kisha akawatazama wote watatu waliojazana mlangoni.

— Sasa baba, naanzia wapi?

Refa alishika filimbi, akaiachia. Dokta akaangalia mikono ya koti lake. Fundi akavuta kigoda, akaketi karibu na mwanawe, akamwonyesha kwa kidole ile suruali ya kwanza, kule ncha ya kulia.