Mliniaga, Nami Nipo

Wapendwa, nilipomwomba mchungaji nafasi hii aliniuliza, "Ni ushuhuda wa shukrani?" Nikamjibu, "Ni wa shukrani, ila ndani yake kuna hasira." Akacheka, akaniruhusu. Kwa hiyo mnivumilie.

Mnanijua. Nimekulia hapa hapa Igamba, nikasomea biashara chuo kikuu, nikarudi nyumbani kusubiri kazi. Mimi ni mtu wa kuwaza. Simu ikiita naogopa, isipoita naogopa zaidi. Hata nikiomba, nikishasema amina naanza kujiuliza kama niliomba vizuri.

Kiangazi kilichopita nilifanya usaili Tunduma, kwenye ofisi ya mizigo ya mpakani. Wakasema watanipigia. Muda si mrefu tukapata mkutano wa injili na mhubiri mgeni. Akanisimamisha mbele yenu: "Binti, mvua ya kwanza itakukuta ofisini!" Mkapiga vigelegele. Nami nikapiga.

Ndugu zangu, nawaambia, tangu siku ile nikawa mgeni kwenu. Mkaniaga! Kwaya ikampa mwenzangu nafasi yangu ya kuanzisha nyimbo. Akina mama mkanivika kitenge, mkaniombea safari. Mama yangu akafunga begi, akaliweka mlangoni. Naagwa niende wapi, jamani, na sijaitwa na mtu?

Baba alikuwa amenipa kipande cha shamba, na miche ya kahawa ilikuwa inasubiri chini ya migomba. Akasema twende tuchimbe mashimo mapema. Nikakataa. Niliwaza hivi: kahawa inachukua miaka kabla ya kuzaa. Nikipanda, si nitakuwa nimemwonyesha Mungu kwamba sikuamini?

Baba akanitazama. "Kwa hiyo Mungu akikuona na jembe anafuta ajira?"

"Baba, ni suala la imani."

"Haya, mwenye imani. Basi hata kumwagilia mwagilia. Hiyo miche haikutabiriwa kuhama."

Sikumwagilia vya kutosha.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana. Nilikuwa napukuchua maharage na mama. Ikapiga bati kwa nguvu, tukatazamana, kisha wote wawili tukaligeukia lile begi. Simu haikuita siku ile, wala wiki ile.

Na nyie mlinipokeaje Jumapili? "He, dada wa Tunduma, bado upo?" Mwingine akanivuta pembeni: "Chunguza moyo wako, mdogo wangu, kuna dhambi umeificha." Mwingine akasema sikuamini vya kutosha. Yule aliyetoa ahadi alikwishaenda zake, hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi niliyeambiwa ndiye niliyetakiwa kuchunguza moyo! Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na siionei haya. Niliacha kuja kanisani. Niliacha hata kuomba, maana niliona Mungu mwenyewe amenidanganya mbele za watu.

Kisha ibada ya nyumba kwa nyumba ikafika kwetu. Ningekimbilia wapi? Nikakaa pembeni. Maombi yakaanza kama ninavyoyajua: Bwana mfungulie mlango, Bwana fanya haraka. Halafu mama mmoja mjane, ambaye huwa haombi kwa sauti, akapiga magoti karibu yangu.

"Baba, hatujui. Hatujui huyu mtoto atakuwa wapi mwakani. Tulisema tunajua, tukamuumiza. Wewe kaa naye."

Akanyamaza. Mtu akakohoa, nadhani alifikiri mama amesahau kumalizia. Kumbe alikuwa amemaliza.

Nililia mpaka nikaona aibu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniombea bila kumpangia Mungu siku. Hapo nikaelewa kwamba Mungu hakuwahi kuniambia habari za Tunduma. Alikuwa kimya, na mimi niliuogopa ukimya wake hata nikamwamini mtu wa kwanza aliyeujaza kwa maneno.

Asubuhi nikamfuata baba shambani. Baadhi ya miche ilikuwa imekauka. Hakunisema. Alichungulia tu shimo nililochimba akasema, "Hilo ni shimo la mahindi. Ongeza kina."

Kazi sijapata. Msije mkapiga vigelegele: sijapata. Ofisini Tunduma wamekaa kimya, na maombi mengine ya kazi natuma. Bado nawaza. Ila mawazo yakizidi namwambia Mungu, "Sijui, lakini upo," kisha naendelea kupalilia.

Namshukuru baba kwa jembe, na mama aliyelitoa begi mlangoni bila kusema neno. Yule mama mjane anajijua, Mungu ambariki. Na nyie wengine, nawapenda, lakini nawasihi: mkimwona kijana anasubiri, msimtajie siku ambayo Mungu hajaitaja. Kaeni naye tu. Inatosha.

Kitenge sirudishi, nimeshakishona, ndicho hiki nimevaa. Ila nafasi yangu ya kuanzisha wimbo naiomba leo leo. Ya mwakani siyajui.