Stata Yenye Rangi ya Kijani

FUNDI: Haloo! Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, hapa gereji wananyoosha bati!

DADA: Ni mimi dada yako. Natumia simu ya mama.

FUNDI: Shikamoo dada! Mmeshafika hospitali?

DADA: Marahaba. Tufike na nini? Pikapu imegoma. Tuko kando ya barabara, mama yumo ndani, na saa nne wanaita jina lake. Miezi minane tumesubiri hiyo operesheni ya jicho, mdogo wangu! Tukikosa leo tunarudi mwisho wa foleni.

FUNDI: Tulia, tulia. Taa zinawaka? Honi?

DADA: Taa zinawaka. Honi inalia mpaka mbuzi wa watu wamekimbia.

FUNDI: Basi betri nzima. Ukiwasha inasemaje?

DADA: Inasema ta! Halafu kimya. Na njia nzima ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga, moshi unatuingilia ndani, mama anakohoa. Ndiyo nikazima apate hewa, sasa haiwaki tena.

FUNDI: Weka simu kwenye injini, uwashe. Si unanijua? Mimi gari nalisikiliza tu.

DADA: Haya. Sikiliza.

(Ta! Kimya. Ta! Kimya.)

FUNDI: Haa! Huyo namjua hata nikiwa usingizini! Ni stata, ndiyo haisukumi injini iwake. Chukua spana ya magurudumu, mgonge ubavuni, pale penye rangi ya kijani, mara tatu. Atashika tu, ndiyo zake.

(Vyuma vinagongana, dada anatafuta spana.)

FUNDI: Dada? Umepaona?

DADA: Rangi ya kijani nimeiona.

FUNDI: Si nilikwambia? Mimi—

DADA: Stata yangu ni nyeusi. Mpya. Tulikwenda wote dukani, nikaipakata kama mtoto.

(Mtandao unakwaruza.)

FUNDI: Haloo? Dada, sikusiki—

DADA: Unanisikia vizuri sana! Ngoja niiname... Ala! Na hili bomba la moshi lililozibwa kwa kopo na waya? Ni la nani hili?

FUNDI: Dada, ngoja—

DADA: Nakuuliza ni la nani!

FUNDI: La... la yule mteja wa matofali. Pikapu yake kama yako. Alikuwa na haraka, nikamfungia stata na bomba lako, vyake nikakuwekea wewe, nikasema Jumamosi narudisha. Wewe mwenyewe huendi mbali—

DADA: Ulijua leo nampeleka mama! Si wewe uliyesema, "Lete niikague, mama asije akakwama njiani"?

FUNDI: Shetani tu, dada.

DADA: Shetani hajui kufungua nati. Niliuza cherehani yangu upate spana, na spana hizo hizo ndizo ulizonifungulia. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Ningeibiwa na mwizi, ningelala. Wewe umeniumiza.

FUNDI: Nisamehe. Nakuja sasa hivi—

DADA: Usije. Nagonga.

(Ko. Ko. Ko. Mlango. Injini inanguruma.)

FUNDI: Imewaka! Fungua vioo vyote, moshi usi—

DADA: Nyamaza, mama anauliza kitu... Ndiyo mama, ni yeye. (Sauti ya mama kwa mbali.) Anasema Mungu aibariki mikono yako. Bila wewe, leo asingefika.

FUNDI: Hujamwambia?

DADA: Nimwambie nini? Anasema kesho wakimtoa bandeji, anataka wa kwanza kumwona uwe wewe.

FUNDI: Dada, nakuomba—

DADA: Salio la mama linakwisha. Nimjibu nini? Utakuja?

FUNDI: Mwambie nita—

(Simu inakatika.)